Nguzo ya Kumi na Tatu na Wafagiaji Saba

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Jubilei, Kanisa Kuu.

YAH: KUKATAA KUSHUSHA PICHA, NA OMBI LA KULIREKEBISHA KANISA

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kuanzia unyayo hadi utosi. Kwa nini nataja utosi, utaelewa mbele.

Nimepokea agizo lako kwamba kabla ya Jumapili ya jubilei niishushe ile picha pana ya ndani ya kanisa niliyoitundika kwenye mlango mkuu, au nimfute "huyo mama na fagio lake". Nimelisoma mara mbili nikiwa nimekaa na mara ya tatu nikiwa nimesimama. Kwa heshima zote, nakataa. Picha haina kosa. Kosa liko kwenye kanisa.

Kwa faida ya wajumbe wasioijua kazi yetu: kanisa kubwa kama lile halienei kwenye picha moja. Fundi husimamisha kamera katikati ya mabenchi, akapiga kipande, akaigeuza kidogo, akapiga kingine, safu ya chini kwanza, kisha safu ya juu, mpaka amalize mzunguko. Nilipiga vipande sitini na vinne na kuviunga kwenye kompyuta kwa siku tisa. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa kuwa mle ndani mwanga ni hafifu, kila kipande huchukua sekunde nne: anayetulia hutokea, anayetembea hupotea kabisa. Ndiyo maana nilitangaza kwa sauti iliyofika hadi kwenye kuba: "Kamera ikilia, tulia. Ikilia tena, endelea na shughuli zako."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema kanisa lina nguzo kumi na mbili na picha ina kumi na tatu. Nimezihesabu, ni kweli. Lakini picha imeshachapishwa kwenye turubai la mita sita, wakati nguzo bado hata msingi haujachimbwa. Kipi ni rahisi kurekebisha? Naomba mjenge hiyo iliyopungua, upande wa kushoto, karibu na benchi la wanakwaya. Vipimo nitaleta mwenyewe.

2. Nguzo ya nne kwenye picha imepinda kama ndizi. Mwashi wenu ameapa kwamba imenyooka, eti ameipima kwa timazi. Yeye ana timazi moja. Mimi nina macho mawili na kamera. Kura ni tatu kwa moja. Ipindeni.

3. Jua. Nilianza saa tatu, wingu likanichelewesha hadi saa tano, na sasa vivuli vya mabenchi ya kulia vinakwenda huku na vya kushoto vinakwenda kule. Kwa hili siilaumu kamati moja kwa moja. Ila ninyi ndio mnaozungumza na mwenye jua kila siku, mngeweza kunisemea.

4. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti. Ulikuja na suti mpya ukasimama kando ya mimbari, ukaniagiza nihakikishe unaonekana vizuri. Kwenye safu ya chini ulitulia vizuri sana. Nilipofika safu ya juu simu yako ikaita, ukaondoka kuipokea. Kwa hiyo umetokea viatu, suruali na mkanda. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe miguu yote miwili ni mizima, ila ndiyo hiyo tu tuliyonayo. Watu wengi wamevitambua viatu.

5. Mama mfagiaji. Hapa naomba univumilie, maana hasira inanipanda. Katika jengo zima ni yeye peke yake aliyesikia maagizo na kuyafuata. Kamera ikilia, anasimama, anashika fagio wima, anabana pumzi. Ikilia tena, anafagia kuelekea kulekule kamera inakogeukia, kwa mwendo uleule. Angetembea tu kama wajumbe wako walivyotembea, asingeonekana hata ukucha. Sasa yuko mle mara saba, kuanzia mlangoni hadi madhabahuni, na wote saba wamekaza macho kama wanaapishwa. Utii wa namna hii unaharibu kazi za watu.

Mnaogopa wageni watauliza mbona kanisa lina wafagiaji saba. Dawa yake nyepesi: ajirini sita. Wawe na gauni la kijani na bega la kushoto lililoshuka kidogo. Na ukiutazama ukubwa wa lile jengo, walihitajika saba tangu mwanzo.

Basi, ili Jumapili pasiwe na tofauti kati ya picha na kanisa, naomba nguzo ijengwe, nyingine ipindwe, wafagiaji waajiriwe, na wewe uhudhurie ibada kuanzia mkanda kushuka chini.

Wasalimie wajumbe wote, wanakwaya, na mwashi pamoja na timazi yake. Mwambie sina kinyongo.

Wako mtiifu katika kuunga,
Fundi wa Picha

Baada ya kutia sahihi: Nimeifungua tena bahasha, maana msema kweli mpenzi wa Mungu. Nguzo ya kumi na tatu naweza kuiondoa kabla chai haijapoa, na ile iliyopinda hunyooka kwa kubonyeza mara moja. Kichwa chako pia ninacho, kwenye kipande nilichokipiga kwa majaribio; kitarudi mahali pake kabla ya Jumapili. Hata mama mfagiaji anafutika. Juzi nilimfuta mara sita, akabaki mmoja kule mlangoni, nikampelekea akaone. Alitazama muda mrefu, akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu. Kweli nilikuwa nimezidi." Mama yangu amelifagia kanisa hilo miaka ishirini na sita, na hakuna picha yake hata moja humo ndani, kwa sababu kila wapiga picha wakija huambiwa asogee pembeni kidogo. Nilirudi kwenye kompyuta nikawarudisha wote sita.