Hotuba ya Bibi Tetri Devi Akifungua Kituo cha Seli na Kala-azar

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ambaye hakuja, Mheshimiwa Mganga Mkuu aliyeleta udhuru, pandit wa hekaluni, maulvi wa msikitini, wadau wa maendeleo, wakwe zangu, na nyie mnaotafuna paan, tambuu yenu, huko nyuma na kutemea ovyo: itifaki imezingatiwa. Kaeni!

(Wanakaa.)

Mimi, mwenyekiti wenu wa panchayati, baraza la kijiji, niliyeishia darasa la pili lakini nikalea wajukuu wanaosoma mjini Patna, leo nafungua rasmi Kituo cha Kisasa cha Uchunguzi wa Seli na Kala-azar. (Makofi.) Ripoti ya kitaalamu nilisomewa, nikaielewa kabla haijaisha. Usubi wa kala-azar, homa hii inayovimbisha tumbo, hulala kwenye nyufa za kuta zetu za udongo. Akikung'ata anakuachia kijidudu, na askari wa damu, yaani seli nyeupe, anakimeza. Mnadhani kimekwisha? Thubutu! Kinakaa humo kama mkwe aliyealikwa. Ndani ya seli hiyo kuna jeni, ndizo zinazotoa maagizo ya kazi. Kijidudu kinazima zile za kupiga kelele na kuua, kinaziacha wazi zile za kukilisha na kukitunza. Askari ana sare, yuko lindoni, kumbe analea mwizi! Wengu linavimba, damu inakwisha, yeye bado anaripoti hali ni shwari.

(Sauti: "Kama panchayati!" Kicheko.)

Lakhindar, nimekusikia! Mdomo mpana, shamba lote magugu! Kitakwimu, asilimia tisini na tisa ya lawama ni yenu. Wapulizaji walipulizia kuta dawa ya usubi, na nyie, dawa haijakauka, mkazikandika upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, ati sikukuu ya Chhath inakaribia, Mungu Jua asione madoa. Dawa mkaizika, usubi akalala raha mustarehe!

(Mwanamke: "Hata ukuta wako, bibi, niliukandika mimi!")

Wangu ulikandikwa kimkakati. Nyamaza.

(Rupkali, mke wa mfinyanzi, anasimama na binti yake begani, miguu kama vijiti, tumbo limejaa. "Bibi, homa haimwachi tangu mavuno. Mpime basi, si mmeshafungua?")

Kaa, mwanangu. Utaratibu ni hotuba, halafu chai, halafu wagonjwa.

("Bibi, mtoto hashiki hata shingo!")

Nimesema kaa! Sote kwa pamoja: Usubi!

("Zii!")

Panchayati yetu!

(Kikohozi.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Gobardhan wa mahema ya harusi, aliyetuazima kituo hiki chote, turubai na mlango wake wa kuchora. Msiusukume, nyuma yake ni shamba la haradali tu. Namshukuru aliyetuazima koti jeupe hili la kidaktari, analihitaji kinyozini mchana huu. Na namshukuru kabla hajakataa dereva wa trekta lililoleta viti: ashushe viti, ampakie Rupkali na mtoto, awakimbize hospitali ya wilaya, maana hapa hakuna sindano, hakuna daktari, wala hakuna kilichowahi kuagizwa. Wakiwakatalia getini, Rupkali, piga kelele, usinyamaze kama ninavyokuamuru mimi. Jana niliwapigia simu hao wa hospitali, kwa fahari, nikawaambia kijijini kwetu kala-azar imekwisha, wasiwangoje tena wagonjwa wetu.

Ahsanteni. Pigeni makofi basi!

(Trekta linawaka.)