Jiolojia ya Futari

Jumatatu, 6 Agosti 2012, Palma

Mtihani wa jiolojia ni Alhamisi. Atakayeongoza darasa atapelekwa estágio, mafunzo ya kazi, kwenye meli ya watafuta gesi. Nafasi ni moja tu. Ni yangu! Mpinzani ni Stélio, jirani, karani wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Beira. Darasani hunakili kila kitu, nusura anakili na kikohozi cha mhadhiri. Doutora Celeste, mhadhiri wetu, katushauri tuchore masomo: picha, mishale, na maneno machache ya kuzieleza. Maneno ya nini? Nitachora picha tupu. Hata Stélio akichungulia, hatoki na kitu.

Jumanne, 7 Agosti

Nimechora mchana kutwa, na saumu yangu. Mwamba wenye vitundu, unaobeba gesi: kitumbua. Mwamba mgumu wa juu, unaoizuia isitoroke: kifuniko cha chungu. Ufa wa ardhini: chapati iliyochanika. Gesi yenyewe: mvuke wa uji. Kazi safi. Nimeibandika karatasi ukutani, nimelala kama mshindi.

Jumatano, 8 Agosti

Balaa tamu. Shangazi Hafsa, ninayekaa kwake, kaiona karatasi akadhani naagiza futari. Kapika vyote!

"Ungesema tu, Aiuba mwanangu," akaniambia, "kuliko kunichorea kama mimi kiziwi."

Sikuweza kumsahihisha. Uji ulikuwa na tui zito. Akamwita na Stélio, ambaye hafungi ila kula anajua. Nikaona nimtishe kidogo. Nikashika kitumbua, nikamweleza vitundu vya mwamba. Nikakiminya, mafuta yakachuruzika: gesi inavyosafiri. Nikafunika chungu, nikachana chapati. Yeye anatafuna tu. Nilimwonea huruma.

Alhamisi, 9 Agosti

Swali la kwanza: eleza mwamba unaohifadhi gesi. Nikafumba macho, picha ikaja palepale. Kitumbua. Cha moto, kimekauka pembeni, hiliki inanukia. Tumbo likanguruma mpaka msimamizi akageuka. Saa nane mchana, magharibi iko mbali! Nikaandika kilichokuja: mchele uloweke tangu usiku, tui la kwanza, sukari kiasi. Nimejaza kurasa nyingi. Nimeridhika.

Jumanne, 14 Agosti

Matokeo. Stélio kaongoza, meli ni yake. Mimi nimefeli. Doutora Celeste kaandika pembeni kwamba jibu la kwanza atalijaribu jikoni. Jioni Stélio kaja kumshukuru shangazi. Anasema kila swali alikumbuka mkono wangu na kile kitumbua.

Roho iliniuma. Niliitaka sana ile meli. Nilinuna uani mpaka adhana.

Baada ya kufuturu nimetulia, na kosa nimeliona: vyakula vilikuwa vichache. Keshokutwa ni mtihani wa takwimu. Nimeshachora sambusa, mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga, bila neno hata moja. Shangazi ameshaloweka mchele. Stélio nimemwalika mapema, nimweleze yote moja baada ya jingine. Safari hii atajua mimi ni nani.