Nani Atambeba Gabriel Kanisani

Jumatatu, 2 Juni

Mjukuu wangu wa kwanza, Gabriel, ana siku kumi. Pua yangu! Masikio yangu! Atabatizwa tarehe 29, na wa kumbeba kuingia kanisani ni mimi, Fabiani wa Kasense. Ila mkwe wangu Lydia, ambaye ni muuguzi, ametoa amri: hakuna kumshika mtoto bila chanjo ya nyongeza ya pepopunda, dondakoo na kifaduro, kisha wiki mbili kamili za kusubiri. Anasema kifaduro huua vichanga, na sisi watu wazima ndio tunaowaletea. Kweli kabisa. Mpinzani ni mmoja tu, Maganga, baba yake Lydia, mfugaji wa Chala. Tukitimiza wote, mkubwa ndiye atakayembeba. Namzidi miezi minne! Kesho asubuhi nachanjwa.

Jumanne, 3 Juni

Sikwenda. Upepo mkali. Na ulezi uko juani, nani atafukuza kuku? Sindano siogopi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata njia! Mke wangu Cornelia ametunza sandukuni kadi yake ya kliniki ya zamani. Sindano tano za pepopunda, mihuri yote. Nikakwangua jina kwa wembe, nikaandika langu. Kazi safi! Lydia aliisoma polepole, kisha akaniuliza kwa heshima zote kama mtoto anacheza tumboni, maana kadi inasema mimba ina wiki ishirini na nane. Mwanangu Flavian alitoka nje kucheka. Lydia akaongeza kuwa pepopunda peke yake haitoshi, kifaduro hakimo humo. Sawa. Lakini mwandiko wangu hakuukosoa.

Jumapili, 8 Juni

Maganga kaja kumwona mtoto. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kwa huruma kwamba sindano yenyewe ni ndefu kama ya ng'ombe, na kule Mwimbi wanaume wawili walizimia. Macho yakamtoka. Nimemmaliza!

Jumatatu, 9 Juni

Maganga amechanjwa. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni! Anasema yeye huchoma sindano madume ya ng'ombe kila mwaka, akataka aione hiyo sindano ndefu. Karudi kasikitika, eti ni kijiti tu cha kuchokolea meno. Lydia anamsifu mbele ya watu. Sijali. Mkubwa bado ni mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya mwisho ya kuchanjwa, maana kesho Jumapili zahanati haifunguliwi. Nilifika zahanati mapema, koti limefungwa vifungo vyote. Zamu yangu ilipofika nikampisha mama mwenye mtoto. Kisha mzee mmoja. Kisha msichana wa mafua. Nikampisha hata dereva aliyeingia kuuliza njia ya Chala. Wenye roho kama yangu ni wachache! Wakafunga.

Jumatatu, 16 Juni

Nimechanjwa! Cornelia alinishika mkono, nadhani aliogopa. Nilifumba macho kwa sala. Ile sauti watu waliyoisikia ilikuwa kikohozi. Nikaenda kwa Lydia kifua mbele. Akahesabu: mpaka tarehe 29 ni siku kumi na tatu. Siku moja! Nikamwomba aifumbie macho. Akakataa. Akasema wodini kwao aliwahi kumshika kichanga wa miezi miwili akikohoa mpaka akageuka rangi ya bluu, na hakurudi nyumbani. Sikubishana. Nilijivunia kuwa mwanangu ameoa mwanamke wa namna hii.

Jumapili, 29 Juni

Maganga alimbeba. Mimi nilishika mshumaa. Sijaona mtu katika parokia hii aliyewahi kushika mshumaa vile! Nta ilinidondokea kwenye suti, sikutikisika. Macho yote yalikuwa kwangu, hasa mwali ulipokaribia nywele za Maganga.

Jumatatu, 30 Juni

Lydia mwenyewe ameniwekea Gabriel mikononi. Mzito! Kanikamata kidole hataki kuachia. Nililia mbele ya wote, na sitafuti sababu. Mtoto huyu atakua mzima, na mkono wangu ulioniuma siku mbili umo katika kazi hiyo.

Ijumaa anapata chanjo zake za wiki sita. Lydia kauliza nani atampakata wakati wa kuchomwa. Maganga kanyoosha mkono. Mimi nimenyoosha yote miwili. Baadaye nimemsindikiza Maganga hadi stendi na kumwambia, kwa upole, kwamba kliniki imesogezwa hadi Jumamosi.