Mkoba Mwekundu wa Rosalia

Jumatatu, 27 Januari 1969

Rosalia amerudi Lindi. Tena amerudi na mkoba! Mwekundu, unang'aa kama pilipili iliyooshwa, mkanda wake ni mnyororo wa rangi ya dhahabu, na ndani una kioo. Kioo! Mimi hujitazama kwenye dirisha la ofisi ya ushirika mpaka karani mkuu akohoe.

Tulisoma naye kwa masista, vitanda vyetu vikigusana bwenini. Wote watoto wa Newala, wote tulikwenda shule peku. Leo yeye ni mpokea simu wa posta, aliyepelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo. Mimi napiga taipu habari za korosho za watu. Amenikumbatia mbele ya kadamnasi, akasema amenikumbuka sana. Najua sababu. Alitaka mkoba unigonge kiunoni nisije nikasema sikuuona.

Mwalimu Klementi alikuwepo. Huyu ndiye anayenisindikiza kutoka kanisani tangu Krismasi, na mji mzima unajua maana yake. Leo amembebea Rosalia mkoba kutoka posta hadi sokoni. Mwanamume mzima, kiongozi wa kwaya, mnyororo begani!

Sikula chakula cha jioni. Nilikula baadaye.

Jumanne, 28 Januari

Dawa imepatikana. Nitakuwa na mkoba wangu.

Madukani hakuna kitu ila vikapu vya ukili. Lakini mjomba Tomaso wa Kitomanga alichinja mbuzi arusini juzijuzi, na ngozi ilikuwa juu ya paa ikinisubiri mimi. Nilimtumia salamu na dereva alfajiri, nayo imefika leo na basi la mchana. Abiria walioshuka nayo hawakunisalimu.

Nimeipeleka kwa fundi Abdulrahmani, mshona viatu. Akainusa, akageuza uso. Akasema, "Binti, ngozi hii bado inalia mbee." Alitaka kuianika upya. Nikamwambia Jumapili haimngoji mtu. Akasema haya, yeye ni fundi tu, si mzazi wangu.

Alhamisi, 30 Januari

Mkoba umekwisha! Umeinama upande mmoja kidogo, kama mtu anayesikiliza ya jirani. Pembe moja imebaki na manyoya. Nimeunyoa kwa wembe, nikaupaka rangi nyekundu ya viatu, nikarudia, nikarudia tena. Kwa mbali huwezi kuutofautisha na wa Rosalia. Kwa mbali sana.

Bi Kudra, mwenye nyumba wangu, ameuliza kama kuna panya aliyefia chumbani. Nikamwambia ni mkoba, umetoka Nairobi. Akasema basi amekufa panya wa Nairobi.

Uso nao unaendelea. Ile krimu ya weupe ninayoipata kwa siri imeanza kukubali, mashavu yamekuwa rangi ya papai. Inawasha kama upupu. Lakini mama yangu alichanjwa nembo uso mzima akiwa mtoto, wakamtia masizi kwenye vidonda, akatoka pale akitembea kama malkia. Mimi nichelee kuwashwa?

Mchana Yohana wa kamati ya vijana alipita ofisini. Ile kampeni ya Dar imefika na kwetu: marufuku nguo fupi, marufuku nywele za bandia, marufuku krimu za kuchubua ngozi. Mwanamke wa ujamaa abaki kama alivyoumbwa. Nilipiga makofi kuliko wote.

Jumapili, 2 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilivaa gauni jeupe ili wekundu utokeze. Kanisani nikaketi mbele ya Rosalia makusudi, mkoba nikauweka juu ya benchi pembeni yangu, uonekane. Nzi waliuona kwanza. Joto lilikuwa la kupasua nazi. Tukapiga magoti, tukainuka, tukakaa. Mimi nilikaa juu ya mkoba.

Wakati wa komunyo nikatembea mbele ya waumini wote kwa madaha. Nikasikia minong'ono. Nikajua imefanya kazi. Niliporudi, akina mama watatu walinizunguka kama askari, mmoja akanifunga kanga kiunoni, wakanitoa nje. Mama Maria, mkewe katekista, akanibembeleza: "Usione haya, mwanangu. Ni mambo ya wanawake, yanatupata sote."

Nilijigeuza nikaona. Gauni lote nyuma jekundu.

Ningesema nini? Kwamba ni rangi ya viatu? Kwamba mkoba wangu wa Nairobi ulikuwa mbuzi wa Kitomanga? Nikainamisha kichwa, nikasema asante mama, tumbo linauma sana. Klementi alikuwa amesimama na kwaya yake mlangoni. Akatazama juu ya paa.

Na kanga ile ilikuwa ya Rosalia! Aliivua mabegani mwake. Akanishika kiuno hadi nyumbani, gauni lake nalo likapata rangi. Mlangoni aliutazama mkoba, akanitazama mimi, akaelewa. Nilingoja acheke. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe.

Mkoba nimeutosa chooni. Bi Kudra amesema sasa choo ndicho kinachonuka.

Jumatatu, 3 Februari

Nimemwona Yohana baada ya kazi. Sikumtaja mtu. Nilisema tu, kama raia mwema, kwamba krimu zile haziingii sherehe kwa miguu yake, huingia ndani ya mikoba. Hasa mikoba myekundu. Jumatano ni sherehe ya Azimio la Arusha, mgeni anatoka Dar. Itakuwa aibu gani akinusa krimu!

Sasa, Lindi nzima ina mikoba myekundu mingapi? Mmoja uko chooni.

Kama Rosalia anapaka, sina hakika. Lakini uso hauwezi kuwa laini vile bure. Yohana amenishukuru kwa uzalendo wangu. Leo nitalala kama mtoto.

Jumatano, 5 Februari

Asubuhi Rosalia alibisha hodi. Ameniletea mkoba wake! Alisema leo niuchukue mimi, yeye ameshauchoka, na ya Jumapili watu wataisahau wakiniona nimependeza. Akauning'iniza begani kwangu kwa mikono yake.

Nilikumbuka ya Yohana. Nilikumbuka vizuri kabisa. Ningeukataa. Lakini mnyororo ule ulikuwa umeshalala begani, baridi, mzito. Rosalia alipotoka nikaukagua mwenyewe: kitambaa, rozari, kioo. Krimu hakuna. Basi wakague! Nikaona Mungu yuko upande wangu.

Langoni mwa uwanja Yohana alikuwa na vijana wake, ndoo ya maji na mche wa sabuni. Yohana ni mtu wa wazo moja. Aliona mkoba mwekundu akauvamia. Akatoa kitambaa, akatoa rozari, akatoa kioo. Kioo kikapiga jua, jua likanipiga usoni. Akainama akanitazama.

"Dada Justa," akasema, "mbona uso wako na shingo yako hawajuani?"

Watu walicheka mpaka wauza karanga wakasogea. Kijana mmoja akaleta kitambaa cha sabuni, akanisugua shavu. Ngozi ya papai ikatoka pamoja na papai. Nikapiga ukelele.

Rosalia akapenya umati. Aliwaambia waniache, ule ni upele, yeye mwenyewe alinipeleka zahanati. Amedanganya mbele ya watu kwa ajili yangu, yeye ambaye bwenini alikuwa akiungama hata kuiba sukari.

Yohana akaudhika. Akasema kwa sauti ya mkutano, "Upele? Mbona huyu huyu Dada Justa ndiye aliyekuja Jumatatu akaniambia nikague mkoba mwekundu?"

 Wauza karanga wakasogea tena.

Rosalia akaniuliza kwa Kimakonde, polepole, kama tulivyokuwa tukinong'ona taa zikizimwa, kama ni kweli. Nikafungua mdomo nimjibu. Likatoka hili: "Ungeniambia mapema kwamba utaniazima!"

Hakulia wala hakunitukana. Alinyanyua mnyororo begani kwangu kwa uangalifu, usininase nywele. Akaingia uwanjani. Kwaya ikaanza. Mimi nikaambiwa ninawe uso, nirudi nyumbani.

Maji ya ndoo yalikuwa na chumvi. Au labda si maji.

Jumamosi, 8 Februari

Uso umevimba. Bi Kudra ananipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni, ananung'unika. Leo amesema uso utapona, lakini je, rafiki? Nikamwambia rafiki yupi, aliyekuja kwangu kujionyesha na mnyororo? Akaacha kupaka. Shavu la pili amenionyesha nijipake mwenyewe.

Nimekutana na Mwalimu Klementi sokoni. Nikamsalimu. Akasema ana haraka, akaingia kwa kinyozi. Klementi ana upara!

Jumapili, 16 Februari

Rosalia amehama. Ameomba mwenyewe kupelekwa posta ya Mtwara. Leo mchana alipita kuaga. Nilisikia sauti yake barazani, "Shikamoo Bi Kudra," nikakimbilia bafuni uani, nikachuchumaa nyuma ya makuti.

Bi Kudra akamwambia nimetoka. Rosalia hakuondoka. Namwona miguu tu, chini ya makuti. Kisha akasema, "Mwambie nilipita. Mwambie sina kinyongo, ila siwezi kukaa mji mmoja naye." 

Nilitaka kutoka. Miguu ilikwisha kunyanyuka, uso ndio uliokataa. Kwamba gari lilimchukua nilijua kwa honi.

Bi Kudra alinikuta bado nimechuchumaa. Akaniinua, akanikung'uta makuti mgongoni. Nililia kidogo. Nimesema kidogo.

Halafu alasiri akaja yule wa kuchukua nafasi yake posta. Anaitwa Veronika, ametokea Tanga, amepanga nyumba ya pili kutoka yetu. Amekuja kujitambulisha. Amenishika mkono kwa mikono miwili, akasema hana mwenyeji hapa Lindi, je, nitakuwa dada yake? Msichana mpole, mwenye adabu, hana neno.

Lakini viatu vyake! Visigino virefu kama chupa, vikikanyaga saruji vinalia ko, ko, ko, mpaka wazee waliokuwa wakicheza bao wakainua vichwa.

Nimeshamchukia.

Nimekwenda kwa seremala kabla hakujawa na giza. Nina raba zangu nzuri tu, zinahitaji kuinuliwa. Nikamchagulia kipande cha mkorosho, anichongee visigino viwili, avipigilie misumari. Seremala anasema mkorosho hupasuka.

Seremala ana wivu.