Sponji ya Lachie na Malalamiko ya Noeline

Ijumaa, 3 Machi

Leo dunia imemwona mwanangu! Sawa, si dunia yote. Kisiwa cha Kusini, na kile cha Kaskazini kwa wale wenye akili ya kubadilisha chaneli. Lachie Tulloch, mtoto wangu wa pekee, nyota wa kipindi cha *Oka Mwenyewe*, kila Ijumaa saa moja na nusu jioni, mubashara kutoka Dunedin. Shati la bluu. Nilimchagulia mimi.

Sifa ya kipindi ni moja: mtangazaji anaoka kila kitu kwa mikono yake, mbele ya macho ya watu, hakuna hila. Lachie huyasema maneno hayo mwanzoni, mkono kifuani. Hunitoa machozi. Leo zaidi, maana keki ya sponji niliioka mimi.

Siri! Tunaijua watatu tu: mimi, Lachie na baba yake, Selwyn. Sponji za Lachie huzama katikati kama godoro la gesti. Basi Selwyn akaipeleka ya kwangu Dunedin kwa gari, ndani ya bati, imefunikwa blanketi la mbwa (lilifuliwa). Watu wakiwa kwenye matangazo ya biashara, Lachie akaisweka ovenini. Waliporudi, akaitoa.

Ilivyopanda! Kama kofia ya askofu! Hata wapiga picha walisikika wakiguna kwa mshangao. Wakati wa kuigeuza ikamponyoka, akaidaka kwa goti, na hapo likamtoka neno chafu. Neno moja tu. Selwyn humwambia mbwa kila asubuhi na mbwa hajawahi kulalamika.

Jumatatu, 6 Machi

Noeline McSkimming kapeleka lalamiko kituoni kuhusu lile neno!

Noeline ni jirani yangu, ua kwa ua. Kila mwaka kwenye maonyesho ya kilimo mimi wa kwanza kwa sponji, yeye wa pili. Mwaka huu hata wa pili hakupata, kwa sababu keki yake ilikuwa na alama za waya mgongoni. Mtu mzima anapoza sponji juu ya waya mtupu, bila kitambaa! Sasa kinyongo chote kimemshukia mwanangu.

Kaniambia mwenyewe, buchani, huku akitabasamu. "Raewyn mpenzi, usinichukulie vibaya. Ni suala la viwango tu." Eti wajukuu zake walikuwa wanatazama. Wajukuu hao hao! Mmoja nilimsikia mwenyewe akimpachika refa wa raga neno hilo hilo, na mengine ambayo hata mbwa wetu hayajui.

Lachie kapiga simu. Wakubwa wa kituo wataamua majira ya baridi kama atapata msimu wa pili, na mtangazaji mwenye lalamiko mgongoni hapendwi. Akasema ana ombi moja tu kwangu. "Mama, usifanye chochote. Chochote kabisa."

Nikaahidi. Kuahidi hakujawahi kunishinda.

Jumatano, 8 Machi

Kina mama wote wa ukumbi wa kanisa wameandika barua za kumsifu Lachie. Niliwasimamia mimi, kwa chai na vipande vya biskuti ya tangawizi. Aliyekwisha kuandika ndiye aliyepewa kipande. Mmoja kachomekea na ombi la raga zaidi wikendi. Nikaacha, sauti ya wananchi.

Kisha nikapiga simu kituoni kuwaandaa. Kapokea binti wa kitengo cha malalamiko, sauti laini. Akanieleza kwamba barua za sifa hazipimwi. Nikamuuliza, je, na wakilalamika watu elfu? Akasema hata hao hawahesabiwi kama kura. Mmoja akilalamika au elfu, mizani ni ile ile. Wanachouliza wao ni: neno lilisemwa saa ngapi? Nani hutazama saa hiyo? Ni mubashara au lilirekodiwa? Lilikusudiwa kumtukana mtu? Yote hayo anayaita muktadha.

Nikamwambia muktadha ni goti! Sponji ilikuwa ya moto! Akasema ataliandika hilo. Binti mzuri. Nikamuuliza kama ameolewa. Ana mtu wake Timaru. Basi.

Jumamosi, 18 Machi

Nimewaza. Kama neno ni la kawaida, si tusi. Na nani bora wa kuthibitisha ukawaida wake kuliko Noeline mwenyewe, kwa kinywa chake? Leo ilikuwa chai ya kufunga msimu katika klabu ya mpira wa kuviringisha kwenye nyasi. Simu ndani ya mfuko wa aproni, inarekodi. Mkononi chupa kubwa ya bitiruti.

Selwyn aliniona nikiipima uzito. Akasema, "Usithubutu, wewe mwanamke." Nikamwambia anywe chai yake.

Nikapita karibu na Noeline. Chupa ikaniponyoka, ikatua kwenye kidole chake gumba cha mguu. Pigo safi kabisa! Unajua alisema nini? Alisema, "Oo, jamani." Kwa upole! Kama mtu aliyekumbuka kuwa hajaanua nguo!

Nikainama kuokota. Nilipoinuka nikagonga kichwa chini ya meza. Nikalisema neno. Na ndugu zake wawili. Mchungaji alikuwa amesimama hapo hapo na sahani ya mikate ya jibini.

Rekodi nimeifuta.

Jumatano, 22 Machi

USHINDI! Kituo kimelikataa lalamiko la Noeline! Neno dogo, kipindi cha jioni cha watu wazima, mubashara, na kijana aliomba radhi papo hapo. Muktadha! Nalipenda neno hili.

Nikampelekea Noeline sahani ya mikate ya jibini, kwa moyo safi, ili nimwone uso. Hakubadilika. Akachukua miwili. Akasema mlalamikaji asiporidhika na jibu la kituo ana haki ya kwenda kwenye Baraza la utangazaji kule Wellington, watu wanaokaa chini, wakatazama kipindi, wakahukumu. Atakwenda huko. "Nenda, mwenzangu," nikamwambia, "na uvae sweta, Wellington kuna upepo."

Lachie kasema tumekaa vizuri. Baraza likitumia mizani ile ile, tumepona. "Tulia tu, mama. Umesikia? Tulia."

Nimetulia.

Alhamisi, 23 Machi

Nilikuwa nimetulia. Nilikuwa napiga pasi. Redio imewashwa, kile kipindi cha wasikilizaji kupiga simu. Mada: je, watangazaji wa siku hizi wana adabu? Na mfano wao ni nani? Mwanangu!

Hata hapo nilitulia. Wakamsema, nikapiga pasi. Kisha kaingia mwanamke mmoja kutoka Milton. Huyo akasema neno halimsumbui, kinachomsumbua ni ile sponji. Akasema, na ninaandika kama alivyosema: "Ile keki ni ya dukani, ile."

Ya dukani!

Sikumbuki nilivyofika kwenye simu. Shati la Selwyn limeungua kola. Nilipokelewa, nikamwambia mtangazaji, na eneo zima la South Otago likisikiliza, kwamba keki ile haijawahi hata kupita mbele ya duka! Niliioka mimi, Raewyn Tulloch, kwa mikono hii! Mayai ya bata! Unga umechekechwa mara tatu! Ikapozwa juu ya kitambaa, haina hata alama moja ya waya, na aje mtu aniambie vinginevyo!

Mtangazaji akasema, hongera sana, mama. Halafu akauliza polepole: kwa hiyo hakuioka Lachie?

Nikakata simu.

Selwyn kaingia, kaona kola, kaniona mimi. Akaenda kukaa na mbwa.

Ijumaa, 24 Machi

Noeline kaleta sahani yangu, imeoshwa. Akasema sponji ile aliishuku tangu siku ya kwanza, maana anaijua sponji yangu hata gizani, ila hakuwa na ushahidi. Na kumbe siku za kulalamika bado hazijapita. Kaandika lalamiko la pili: watazamaji wamedanganywa. "Asante kwa kupiga simu redioni," akasema. "Ulisikika vizuri sana."

Najua nilisikika vizuri. Nina sauti.

Lachie kapiga. Anasema hajakasirika. Kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Wakubwa wamemuuliza, naye hakukana. Mwanangu si mwongo! Nilimlea vizuri. Msimu wa pili umewekwa kando mpaka Baraza liseme.

Jumanne, 18 Julai

Baraza limesema.

Lalamiko la kwanza, lile la neno: limekataliwa. Wamekubaliana na kituo. Hata goti limetajwa! Yule binti aliliandika kweli.

Lalamiko la pili: limekubaliwa. Wamesema keki kuandaliwa mapema si kosa, wapishi wote hufanya hivyo. Lakini kipindi hiki kiliwaahidi watu mkono kifuani kwamba hakuna hila, na ahadi hiyo ndiyo kipindi chenyewe. Ukiivunja, umempotosha mtazamaji kwenye jambo kubwa, si dogo. Wamenukuu maneno yangu ya redioni, mpaka yale ya unga kuchekechwa. Yako kwenye mtandao, atayasoma yeyote duniani. Nimeyasoma mara kadhaa. Yamekaa vizuri.

Adhabu: kituo kisome tangazo hewani, watu waambiwe ukweli.

Na Lachie? Wakubwa wamempa Ijumaa moja tu ya majaribio, tarehe nne Agosti. Kamera haitoki kwake, mlango wa oveni uonekane mwanzo hadi mwisho. Akioka mwenyewe na wakaridhika, ana msimu wa pili. La sivyo, arudi kusoma habari za bei ya sufu ya kondoo saa kumi na moja alfajiri.

Sponji. Wamechagua sponji, makusudi.

Ijumaa, 28 Julai

Siku ya tangazo. Nimealika watu, kila mmoja kaja na sahani yake. Sebule ilijaa. Noeline pia kaja, na sponji. Nikaigeuza kidogo kwa kisu. Hakuna alama za waya!

Saa moja na nusu ikafika. Mtu wa kituo, tai nyeusi, kama msibani. Akasoma kwamba kinyume na ilivyodaiwa, keki ile haikuokwa na mtangazaji, bali na mama yake, Bi. Raewyn Tulloch wa Balclutha.

JINA LANGU! Nchi nzima! Nilipiga kelele mpaka mbwa akabweka. Selwyn akaniuliza kama naelewa kwamba ile ni adhabu. Nikamwambia akae, watarudia (hawakurudia).

Ila nimekaa nikafikiri. Hawakusema kuwa mimi ni mshindi wa kwanza wa maonyesho. Hawakutaja mayai ya bata. Mtazamaji atajuaje ni keki ya namna gani? Si kumpotosha huko, kwenye jambo kubwa? Nimempigia yule binti wa malalamiko kwenye namba yake. Alipojua ni mimi akavuta pumzi ndefu sana. Anamsalimu Selwyn.

Jumapili, 30 Julai

Lachie kaja nyumbani. Kasimama mlangoni na begi, mwembamba. Nilidhani kaja kunigombeza. Akasema, "Mama, nifundishe."

Nikafunga aproni. Akanivua, akaifunga yeye. Akasema mimi nikae kwenye kiti, mikono chini ya mapaja, niseme tu.

Ya kwanza ilizama. Ya pili ilizama. Nikainuka kushika mwiko, akaniangalia vile alivyoniangalia siku ya kwanza ya shule, nilipotaka kubaki naye darasani. Akasema amekuwa mtoto wa Raewyn maisha yake yote na hajuti hata siku moja. Lakini anataka keki moja iwe yake. "Hata ikizama, mama. Izame, lakini iwe ya kwangu."

Nikakalia mikono yangu. Ninyi hamjui ilivyo ngumu.

Ya tatu ikapanda. Si kama ya kwangu, haki ya Mungu. Imeinama upande mmoja kidogo. Lakini imepanda! Alikuwa amechuchumaa mbele ya oveni kama baba anayesubiri mtoto azaliwe, na nikaona mgongo wake ukicheka. Tukala tukiwa tumesimama, pamoja na Selwyn na mbwa. Nikalia. Nikamwahidi Ijumaa sitaoka chochote, sitapiga simu popote, nitatazama tu kama watu wengine. Safari hii kwa moyo wote. Nimeelewa. Kweli nimeelewa.

Alhamisi, 3 Agosti

Lachie kaondoka asubuhi hii na mayai yake ya bata mwenyewe, kijiko chake mwenyewe. Kanikumbatia. Kanishukuru kwa kumwamini.

Na ninamwamini! Ndiyo maana bati nililoweka kwenye buti la gari lake, chini ya blanketi la mbwa, sikumwambia. Ni tahadhari tu. Wala sikuvunja ahadi: niliahidi Ijumaa sitaoka. Nimeoka jana, Jumatano.

Wakati nalipakia, Noeline alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Akauliza ninaficha nini. Nikamwambia viatu. Akasema, "Viatu," na akaguna, ule mguno wake. Kisha akasema alimwona Lachie Jumapili akitupa sponji zilizozama, na kwamba mtoto wa watu anajitahidi, lakini huenda mkono wa sponji ndio umeishia hapo kwa kina Tulloch.

Umeishia!

Nikafungua bati. Kidogo tu, aone ilivyopanda.

Aliitazama! Akaacha mpaka shuka zake kwenye kapu, akaingia ndani moja kwa moja, na kupitia dirishani nilimwona anatafuta miwani, kisha anashika simu na barua aliyoandikiwa na Baraza.

Anampigia dada yake kumsimulia, bila shaka. Safari hii nimemweza.