Ufa wa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Mwaka wa tatu wa jiofizikia, na alama zangu zimelala chali. Mwalimu wa vitendo katangaza leo: tutapima sumaku ya ardhi kwenye uwanja wa mpira wa chuo, wawili wawili, kila mtu nusu yake. Atakayefeli zoezi hili anarudia mwaka. Aliposema "atakayefeli" aliniangalia mimi. Darasa zima nalo likageuka kuniangalia. Asanteni sana.

Kurudia mwaka ni kurudi kwa shangazi aliyenilea. Ameshasema: ukirudia, chuo basi, unakuja saluni kwangu kufagia nywele. Na shangazi ni mtu wa neno moja.

Mwenzangu ni Bi Desimali. Jina nimempa mimi. Ukimuuliza dada huyu saa ngapi, anakujibu hadi sekunde.

Jumanne, 5 Machi

Fundi wa maabara kapitisha beseni la plastiki. Funguo, simu, saa, mikanda, kila chenye chuma kiwekwe humo, kwa sababu kipimo chake kinanusa hata pini. Nimetoa funguo. Nimetoa simu. Mkanda nimebaki nao. Suruali hii ni ya kaka, na kaka ana kiuno cha gunia. Bila mkanda wa marehemu babu, wenye bizimu la chuma pana kama kiganja, suruali haina serikali. Nikaufunika kwa shati. Suruali inishuke mbele ya Bi Desimali kwa ajili ya sayansi? Hapana!

Bi Desimali kapima nusu ya kaskazini. Namba zake zimetulia tuli. Kisha akanikabidhi kipimo, nikavuka mstari wa katikati kuanza nusu yangu. Namba ikaruka! Ikabaki juu hadi golini!

Jumatano, 6 Machi

Nimechora ramani. Kaskazini buluu tupu. Kusini nyekundu tupu. Mpaka wake umenyooka kama umepigwa rula. Huu ni ufa! Miamba ya aina mbili imekutana chini ya uwanja, na miaka yote hii watu wanapiga chenga juu yake bila habari.

Bi Desimali anataka turudie vipimo. Kaniuliza mara mbili kama nilikuwa na chuma mwilini. Nimemjibu damu ina chuma, akasome biolojia. Nusu yake kukosa ufa ni mkosi wake, asinibebeshe mimi.

Nimeuita Ufa wa Shangazi. Nikampigia simu mwenyewe. Kwanza kauliza kama ukuta wa bweni umepasuka na kama nimeumia. Nikamweleza ni chini ya ardhi. Akashusha pumzi, kisha akawatangazia wateja wote, nikasikia saluni nzima ikinipigia makofi. Sikumbuki mara ya mwisho kupigiwa makofi. Nilijisikia vizuri mno.

Alhamisi, 7 Machi

Ramani bila jiwe ni maneno matupu. Nimemwambia mzee anayetunza uwanja kwamba mwalimu ameagiza shimo katikati. (Hakuagiza. Angejua, angeagiza.) Mzee kachimba saa nzima huku akinung'unika. Tumepata mzizi, kijiko cha plastiki na nusu ya filimbi ya refa. Nikamwambia aongeze kina. Akaniachia jembe, akaenda zake.

Nimechimba mwenyewe hadi suruali ikataka kunikimbia. Nikakaza mkanda tundu moja. Mungu amrehemu babu.

Ijumaa, 8 Machi

Kumbe leo kulikuwa na mechi.

Nahodha wa timu kanisaka darasa kwa darasa. Mwalimu akaniita kwenye shimo, mbele ya mzee, Bi Desimali na wachezaji kumi na mmoja wenye jezi. Kaitazama ramani yangu, kisha akauliza tangu lini ufa ukaheshimu mstari wa katikati ya uwanja. Nikasema asili ina maajabu yake. Akachukua kipimo, akakisogeza karibu yangu. Namba ikapanda. Akakiondoa. Ikashuka. Akakileta hadi tumboni, namba ikapaa.

"Kijana," akasema, "kikulacho ki nguoni mwako."

Iliniuma. Nikamgeukia Bi Desimali, nikamwambia nilimwamini kama dada yangu wa tumbo moja. Mwalimu akafumba macho. Akasema hakuwa anatumia methali. Ninyanyue shati.

Nikanyanyua. Timu nzima ikaliona bizimu la babu.

Hapo niliogopa kweli. Niliuona ufagio wa saluni. Nikaomba nisifelishwe, na sikuwa naigiza. Nimepewa nafasi moja tu: Jumatatu, uwanja wote, peke yangu, Bi Desimali akisimamia. Nasikia aliyeniombea ni yeye. Ana njama gani?

Jumapili, 10 Machi

Shangazi ametuma mzigo. Kasikia nachimba kwa ndala, akaona aibu. Ni buti za wachimba migodi, nzito, zina chuma kwenye vidole. Kaandika kwamba mgunduzi havai ndala. Nimezivaa mara moja. Hajui habari za Ijumaa, na sioni haja ya kumharibia Jumapili.

Jumatatu, 11 Machi

Mtu hukosea mara moja tu. Mkanda upo kwenye beseni! Suruali nimeifunga kwa kamba ya katani. Fundi kanikagua kuanzia kichwani hadi kiunoni, akaridhika.

Kipimo nimekishika upande wa kulia. Na matokeo? Ajabu! Mguu wa kulia mbele, namba juu. Mguu wa kushoto mbele, namba chini. Kulia juu, kushoto chini, uwanja mzima! Mishipa ya chuma chini ya ardhi, imepangwa kama ngazi, na nafasi kati yake ni hatua moja kamili. Yangu hasa. Ardhi hii inanijua.

Bi Desimali kanivuta pembeni, kaniomba kwa upole nitazame miguu yangu kabla sijakabidhi ramani. Wivu hauna dawa. Nimemkumbusha kwamba mwalimu alisema nguoni. Buti si nguo.

Ramani nimeshakabidhi. Shangazi nimeshampigia.