Kabati Ashika Kamera

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo nimezaliwa upya! Mimi, Desmond Guillory, mtayarishaji wa filamu! Nimebandika kibao kwenye gereji ya Shangazi Earline: GUILLORY PICHA NA SAUTI. Shangazi akauliza mashine yake ya kufulia itahamia wapi. Nikamwambia haihami, inakaa hapo hapo studio. Akasema, "Desmond, mwanangu, ukigusa soksi zangu nakutoa humo na kibao chako."

Sijali. Jumamosi wahitimu wanarudi chuoni kwa sikukuu yao, na Kocha Dugas anaagwa. Bi Verdell, mkuu wa michezo, anataka filamu fupi ya kumuenzi, ionyeshwe kwenye skrini kubwa ya uwanja wakati wa mapumziko. Nani anamjua Kocha kama mimi? Miaka yangu yote ya chuo nilicheza mpira wa Kimarekani, mstari wa mbele, nikisukuma watu ili wengine wakimbie na mpira. Mpira wenyewe sikuugusa. Waliniita Kabati. Kwa mapenzi!

Tatizo: Percival Metoyer naye anaitaka kazi hiyo. Huyu alikuwa mpiga mateke wetu. Anaingia uwanjani msafi, anapiga teke moja, anatoka msafi. Sasa ana kampuni, ana droni, na anavaa skafu. Louisiana! Kwenye joto hili!

Jumanne, 15 Oktoba

Ushindi! Nilimwambia Bi Verdell kwamba Kocha amekubali kuhojiwa na mimi peke yangu, hataki kuona uso wa mtu mwingine. (Kocha bado hana habari.) Bi Verdell akanipa kazi. Percival kapewa kukaa kibandani juu ya majukwaa na kubonyeza kitufe cha kuonyesha. Kubonyeza kitufe! Nilimpungia mkono kule kwenye maegesho. Akajifanya anarekebisha skafu.

Jumatano, 16 Oktoba

Mama Ozella, mke wa Kocha, alinipokea kwa bakuli la gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa bamia. Nikala. Akaongeza. Nikala. Kisha kazi.

Loh! Kocha mbele ya kamera ni jiwe. Nikamuuliza anajisikiaje kustaafu. "Vizuri." Mechi gani hataisahau? "Ile tuliyoshinda." Nikamwomba alie kidogo tu. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwomba aingie mlangoni tena, kwa hisia. Akaingia. Tena, taratibu. Akaingia. Mara ya mwisho akaingia na kufunga kwa ufunguo, mimi nimebaki nje na kamera yangu, nikampiga picha mbwa wao akizika kitu bustanini.

Mwishowe nikakumbuka kinasa sauti nilichomwekea Kocha bado kimo mfukoni mwake. Nikagonga. Mama Ozella akakipitisha dirishani pamoja na mkate wa mahindi. Mama wa watu!

Alhamisi, 17 Oktoba

Kumbe kinasa sauti hakikuzimwa! Kimebeba mazungumzo yao yote ya jikoni.

Kocha anasikika wazi: "Huyu kijana mnene, jina lake nani?"

"Desmond, baba," mkewe akamjibu. "Yule Kabati."

"Aa! Mimi nilidhani fundi wa mabomba."

Nikajilaza juu ya nguo chafu za Shangazi. Niliwahi kuvunjika kidole kwa ajili ya mtu huyu!

Kisha akaisema vibaya pai ya viazi vitamu waliyoletewa na Rais wa chuo. Kumbe ndiyo ile mbwa wao aliyoizika bustanini! Kisha akalisifia gari lake kuukuu: "Lori lile lilikuwa bora kuliko yote." Mwishoni kuna kipande ambacho Kocha anaongea polepole na mkewe. Nikakirudia mara mbili. Hakifai, filamu ni ya furaha. Nikakikata.

Lakini hapo hapo wazo likaniwaka! Nikachukua "Kabati" huku, nikachukua "lilikuwa bora kuliko yote" kule, nikaunganisha. Safi! Nikamsikilizisha Shangazi. Akauliza, "Lilikuwa? Wewe mtu au fanicha?" Wivu umo hadi ndani ya familia.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimempelekea Percival flashi. Akasema humu kuna filamu mbili: moja inaitwa MWISHO, nyingine MWISHO KABISA. Aonyeshe ipi? Nilikuwa nimesahau kidogo. Moja ndiyo yangu tamu, nyingine ni ile ya majaribio, niliyoiwekea picha na maneno yote ya jikoni bila kukata. Lakini nimwulize Percival mbele ya skafu yake? Nikamjibu kwa madaha, "Ya mwisho, bwana. Kwani hujui kusoma?"

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika bila hata kuvua viatu.

Bendi ikapiga, uwanja umefurika. Kocha katikati ya nyasi, Mama Ozella kushoto, Rais wa chuo kulia. Skrini ikawaka. Na spika zote za uwanja zikasema: "Mimi nilidhani fundi wa mabomba."

Uwanja ukaangua kicheko. Nikatimua mbio kuelekea kibandani. Ngazi! Mwili huu! Nikakwama mlangoni na mpiga tuba wa bendi, lile tarumbeta kubwa kama pipa, yeye hapiti, mimi sipiti. Nyuma yangu spika zikaisema vibaya pai ya Rais, na kwenye skrini mbwa akawa anaizika. Watu hoi. Rais akavua kofia, akaichungulia ndani kama mtu aliyepoteza kitu.

Nikamsukuma mpiga tuba, kazi niliyosomea hasa. Percival alikuwa na kidole juu ya kitufe. "Nizime? Kabati, nizime?"

Nikafungua mdomo. Spika zikasema: "Ozella, naogopa."

"Unaogopa nini, baba?"

"Jumatatu. Nitaamka niende wapi?"

Percival akaondoa kidole.

"Utaamka, utakaa na mimi jikoni. Hao vijana wako wa timu wakikukumbuka watakuja."

"Hawatakuja, Ozella. Wana maisha yao."

Kule chini Kocha akajifunika uso kwa kofia. Mzee mmoja wa timu ya zamani akaruka uzio. Akafuata mwingine. Wakashuka majukwaani vitambi kwa fimbo, wote wachezaji wake, wakamzunguka hadi asionekane.

Percival akajifuta macho kwa skafu. Akaniuliza, "Hii umeitengeneza wewe?"

Nilikuwa nalia pia. Nikamjibu, "Kila sekunde."

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani nimekumbatiwa hadi mbavu zinauma. Kocha kapiga simu. Kasema alitaka kuninyonga, Mama Ozella kamzuia, na sasa jikoni kwake hapakaliki kwa wageni na gumbo imekwisha. Akanguruma, "Usiniwekee tena kitu mfukoni, Kabati." Kisha akanikaribisha kesho asubuhi. Ameniita kwa jina!

Mama Ozella akachukua simu. Mpwa wake anabatizwa mtoni wiki ijayo, nipige picha. "Ila kama ilivyo, mwanangu. Usiguse kitu." Nikaahidi kwa moyo wangu wote.

Somo nililopata: nina kipaji.

Nimeshampigia mchungaji kumwuliza kama anaweza kumzamisha kijana mara tatu, ya mwisho taratibu, akiibuka aangalie upande wa jua. Simu ikakatika. Mtandao wa huku mbovu sana. Nitampigia tena.